Vitambaa kwenye Miche ya Maharage

Majani yakiwa bado na umande, mama hakuruhusu mtu aingie kwenye maharage. Haidhuru majembe yalikuwa yameshashikwa, haidhuru ilikuwa Jumamosi na sisi watoto tulitaka kumaliza palizi tukacheze. Tulifagia uwanja, tukakata majani ya ng'ombe, tukachota maji, na jua lilipopanda juu ya paa la jiko mama alikwenda mwenyewe kwenye tuta la kwanza, akageuza jani moja, akalipapasa upande wa chini kwa kidole gumba. Likiwa kavu alisema, "Haya, ingieni." Likiwa na unyevu alirudi jikoni bila kusema kitu, nasi tukajua kwamba bado tunasubiri.

Hapo ni Machame, wilaya ya Hai, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Nyumba yetu ilizungukwa na kihamba cha migomba na kahawa, na bustani ya mboga ilikuwa nyuma ya jiko, mahali ambapo migomba ilipunguzwa ili jua lishuke hadi chini. Kulikuwa na mnavu, mchicha, sukuma wiki na vitunguu vya majani, lakini sehemu kubwa ya eneo hilo mama aliipa maharage mekundu, yale makubwa yenye umbo la figo, ya miche mifupi isiyotambaa. Maharage ya kuvuna kwa magunia yalichanganywa na mahindi kwenye shamba la chini, huko tambarare, ambako tulikwenda kwa miguu na kurudi jioni. Haya ya nyuma ya jiko yalikuwa ya chungu cha nyumbani, na zaidi ya hapo yalikuwa ya mbegu.

Sasa nina bustani yangu mwenyewe Tengeru, chini ya Mlima Meru, na nimeshapanda maharage misimu ya kutosha kuelewa alichokuwa akikifanya. Karibu kila nililojifunza kwake kuhusu zao hili linahusu kujizuia. Kazi ya maharage ipo, na ni nyingi: kulima, kupanda, kupalilia mapema kabla magugu hayajatamba, kupandishia udongo kwenye mashina ili mche ulioshambuliwa na funza wa shina uweze kuotesha mizizi mingine juu ya kidonda. Asiyefanya hayo havuni. Lakini tofauti kati ya wanaofanya kazi hiyo huletwa na yale waliyokuwa tayari kuyafanya wakayaacha, ama kwa sababu wakati wake haukuwa umefika, ama kwa sababu hayakupaswa kufanywa kabisa.

Chukua huo umande. Vimelea vya ugonjwa wa chule hukaa ndani ya ute mzito juu ya kidonda cha jani au cha ganda. Kukiwa kavu ute huo umeganda na hauendi popote. Kukilowa unalainika na kunasa kwenye chochote kinachopita, uwe mkono, pindo la gauni au mpini wa jembe. Ugonjwa wa bakteria unaobabua majani nao huenea kwa njia hiyo hiyo. Mtu mmoja mwenye bidii akipita asubuhi na mapema anaweza kuuchukua ugonjwa kwenye mche mmoja na kuupaka mstari mzima. Mama hakuwahi kusoma habari za vimelea. Alikuwa ameona tu kwamba maharage yaliyopaliliwa na umande hutoka madoa, naye akalishikilia hilo kwa ukali ambao hakuutumia kwenye mambo mengine.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Kwetu kahawa ilikuwa ya baba. Tuliichuma sote, lakini ilipelekwa chama cha msingi kwa jina lake, na malipo ya chama kikuu cha ushirika, KNCU, yalipitia mkononi mwake. Ndizi, maziwa na maharage vilikuwa vya mama, na kwa miaka mingi watu waliviona vitu vidogo. Kisha ikaja Julai 1989, nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa zikashindwa kukubaliana kuhusu mgawo wa mauzo, na bei ya kahawa duniani ikaporomoka. Huko kijijini habari hiyo ilifika ikiwa na sura ya malipo ya pili yasiyokuja. Baadhi ya wanaume waliacha kupulizia mibuni dawa. Wengine waliing'oa wakapanda nyanya. Madaftari na sare za shule vikaanza kutoka kwenye madebe ya maharage ya mama, na mazungumzo ya nyumbani yakabadilika taratibu: baba alianza kuuliza maharage yanaendeleaje, na alipouliza alisubiri jibu. Mimi nilikuwa na umri wa kuyaona hayo. Ninapowasikia watu wakisema bustani ya nyuma ya jiko ni kazi ya kujifurahisha, nawakumbuka wanawake wa Machame wa miaka hiyo na siwezi kukubaliana na watu hao.

Maharage ya bustanini mama aliyapanda vuli. Aliiacha masika ipite na mvua zake kubwa za Aprili, kwa kuwa mizizi ya maharage haivumilii udongo uliotuama maji, na aliiacha Juni na Julai na ukungu wake wa baridi. Mwishoni mwa Oktoba mvua za vuli zilipoanza, majirani walipanda siku ile ile. Yeye alichimba kwanza kwa kidole. Akikuta unyevu umeishia juu aliacha, akisema mvua hiyo ni ya kudanganya mbegu. Hakuziloweka mbegu kabla ya kupanda, ingawa wapo waliofanya hivyo ili ziote haraka. Punje kubwa nyekundu ikinyonya maji kwa pupa hupasuka ndani, nusu zake mbili zikafanya nyufa, na mche unaotoka huwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Punje mbili kila shimo, kina cha pingili mbili za kidole, shubiri moja kati ya shimo na shimo. Basi.

Baada ya hapo kilikuja kipindi ambacho watoto tulikipenda. Mche wa maharage hautangulizi ncha unapotoka ardhini. Hutanguliza shingo. Kwanza udongo unafanya ufa, kisha unaona upinde mweupe wenye wekundu kidogo ukisukuma kwenda juu, ncha zake mbili bado zimo ardhini. Upinde huo ukishapata mwanga unajinyoosha, na unapojinyoosha unazivuta nusu mbili za punje kutoka chini, zimeinama na ganda jekundu limening'inia. Palipokuwa na udongo uliogandamana juu, upinde ulikwama, na vidole vyetu viliwasha kwa hamu ya kuusaidia. Mama alitukataza kabisa. Shingo hiyo ikikatika mche umekufa, kwa sababu chipukizi lote liko kati ya zile nusu mbili na halipo jingine chini. Alichukua kopo lenye matundu, akanyunyiza maji machache juu ya ule udongo mgumu, akaondoka. Kesho yake mche ulikuwa umesimama.

Kuhusu mbolea ningependa kusema zaidi, maana hapo ndipo ninapoona watu wakipoteza sana, na kwa nia njema. Jirani yetu mmoja, mtu mchapakazi mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi, aliyamwagia maharage yake samadi mbichi tele. Yakatoka ya kijani kibichi kilichokolea, marefu, majani mapana, na watu waliopita njiani walisimama kuyatazama. Mama naye aliyatazama, akayasifu, wala hakugusa lundo letu la samadi. Msimu ulipoendelea yale ya jirani yaliendelea kutoa majani, yakalala chini kwa uzito, maganda yakawa machache na mengi yalioza kwa kugusa udongo.

Mharage unaweza kujitafutia naitrojeni. Kwenye mizizi yake huingia bakteria wa ardhini wanaoitwa raizobia, wakajenga vinundu vidogo, na ndani ya vinundu hivyo wanaichukua naitrojeni ya hewani na kuugawia mmea, nao mmea unawalisha sukari. Ila mmea hauingii gharama hiyo pasipo sababu. Ukikuta udongo umejaa naitrojeni ya samadi mbichi au ya urea, unaitumia hiyo, vinundu vinakuwa vichache, na nguvu inakwenda kwenye majani. Njia ya kujua ni rahisi. Maharage yanapoanza kutoa maua, chimba mche mmoja polepole kwa jembe la mkono, usiung'oe, maana vinundu vitabaki ardhini. Suuza mizizi kwenye ndoo. Chagua kinundu kimoja ukipasue kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, rangi ya nyama mbichi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani hakifanyi. Nafanya hivyo kila msimu, na bado nafurahi ninapouona ule wekundu.

Kwa hiyo samadi ninayotumia ni iliyooza kabisa, kiasi kidogo, na mara nyingi naiweka kwenye zao lililotangulia. Hapo hapo niseme kwamba ule usemi wa kuwa maharage hurutubisha ardhi unapaswa kuchukuliwa kwa kiasi. Kati ya mazao ya jamii ya kunde, maharage ni hafifu katika kutengeneza naitrojeni. Kunde zenyewe na soya huyazidi. Tena sehemu kubwa ya ulichokitengeneza mharage huhamia kwenye punje, na punje tunaziondoa. Sehemu ya tano au zaidi ya uzito wa harage kavu ni protini, na kila protini imebeba naitrojeni. Anayevuna, akachoma mabua, kisha akangoja ardhi imshukuru, anangoja bure. Mama aliyapeleka mabua kwa ng'ombe wa zizini, na samadi yao ikarudi bustanini baada ya kuoza. Yeye aling'oa miche. Mimi naikata kwa mundu usawa wa ardhi ili mizizi ioze pale pale ilipo. Ni jambo pekee la bustani ambalo nilitofautiana naye na nikaendelea kutofautiana.

Maji yalikuwa na habari yake. Wachaga wamechimba mifongo kwa karne nyingi, mifereji inayotoa maji mtoni huko juu na kuyapitisha ukingoni mwa mlima hadi kwenye vihamba, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ni mali. Mtu akipewa nusu siku ya maji hutumia nusu siku yote, hata kama shamba lake limeshatosheka, kwa kuhofia kwamba akionekana hana haja nayo safari ijayo atapunguziwa. Mama, maharage yakiwa madogo, alifungua mfereji kwa muda mfupi tu, kisha akaufunga na kumwita mama wa nyumba ya chini ayachukue. Aliiacha miche ihangaike kidogo, mizizi ifuate unyevu chini. Januari, maua yalipotoka na maganda yakaanza kujaa, jua likiwa kali na mvua zimekwisha, alitumia zamu yake yote mpaka dakika ya mwisho, na yule mama wa nyumba ya chini alimwongezea ya kwake. Harage linalokosa maji wakati wa maua huyaangusha, na ganda linalokosa maji linapojaa hubaki na punje mbili zilizosinyaa pale ambapo zingekaa tano.

Wakati huo wa maua pia hakuna aliyeingia na jembe. Magugu yaliyochelewa yaliachwa, au yalikatwa kwa mkono kutoka pembeni.

Dada yangu aliolewa Dar es Salaam, akachukua mbegu zetu na kuzipanda nyuma ya nyumba yake Kimara, kwa mpangilio ule ule na uangalifu ule ule. Ziliota vizuri, zikatoa maua, na maua yakaanguka karibu yote. Alisikitika sana, akadhani ameikosea mbegu ya nyumbani. Hakuwa amekosea. Maharage haya asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na hata baada ya Wareno kuyaleta Afrika karne nyingi zilizopita hayajaacha kupenda hali ya ubaridi. Joto likizidi nyuzi 30, na hasa usiku usipopoa, chavua inaharibika na ua linaanguka. Udongo mzuri na mkono mzuri havibadilishi usiku wa Dar es Salaam. Akapanda kunde na choroko, mazao yanayolipenda joto la pwani, na tangu hapo hajakosa mboga.

Nimefika kwenye jambo ninalolithamini kuliko yote. Maganda yalipoanza kugeuka manjano, kabla hatujaruhusiwa kuchuma hata moja la kupika, mama aliingia bustanini na vipande vya kanga iliyochakaa. Alitembea mstari mmoja baada ya mwingine, akasimama, akainama, akaendelea. Mche alioukubali aliufunga kitambaa kwenye shina. Nilipokuwa mdogo nilidhani anachagua mirefu. Siku moja nilimwonyesha mmoja uliokuwa mkubwa kweli, uliojaa maganda, nikasema, "Mama, huu je?" Aliushika, akanionyesha mche wa kando yake uliokuwa na madoa ya kahawia yaliyodidimia kwenye maganda. "Huu umeshakaa na mgonjwa, mwanangu. Leo hauonyeshi. Mtoto wake ataonyesha."

Hapo alikuwa sahihi kabisa kisayansi. Chule, ugonjwa wa bakteria na kirusi cha batobato la maharage vyote husafiri ndani ya mbegu, na mbegu yenye vimelea inaweza kuonekana safi machoni. Ukingoja mpaka maharage yamepurwa na kumwagwa kwenye ungo ndipo uchague mbegu kwa kutazama punje nzuri, umechelewa. Unachoweza kukiona hapo ni punje, mama yake umeshamtupa kwa ng'ombe. Alichokitazama mama kilikuwa mche mzima na wanaouzunguka: majani safi hadi ya chini, shina lisilo na ufa, maganda yaliyoshikwa juu mbali na udongo, yaliyojaa hadi nchani, na yaliyokomaa pamoja. Kwa kuwa ua la mharage hujichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka, mtoto hufanana na mzazi, na uchaguzi wa namna hiyo mwaka hadi mwaka huonekana. Hayo maharage ya nyuma ya jiko yalikuwa yamekuwa ya bustani ile.

Miche yenye vitambaa haikuguswa. Hatukuchuma majani yake ya kupika mboga, ingawa majani machanga ya maharage ni mboga nzuri na mengine tuliyachuma. Wageni walipokuja na chungu kikawa chepesi, haikuguswa. Msimu mmoja mvua zilikatika mapema na mavuno ya shamba la chini yakawa mabaya, tukala ndizi asubuhi na jioni, na vile vitambaa viliendelea kuning'inia pale tukiviona kutoka dirishani. Mbegu hiyo ilipokauka haikupurwa kwa fimbo pamoja na nyingine. Tuliimenya kwa mikono, ganda kwa ganda, kwa sababu kipigo kinachofungua ganda hupasua pia ngozi ya punje na kuvunja kichipukizi kilichomo.

Kuhifadhi ndiko kulikuwa na desturi ambayo kwa miaka mingi niliiona ya ajabu. Mbegu ilikaa kwenye debe lenye mfuniko, imechanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa. Maharage ya kula, ambayo hakutaka yaingie majivu, yalikaa kwenye madebe mengine, na hayo tuliyabingirisha sakafuni asubuhi na jioni, yakienda yakirudi. Ilikuwa kazi ya mtoto, na kelele zake ndizo zilizotuamsha. Baadaye nikaja kusoma kwamba watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha mwaka 1991 uchunguzi wa jambo hilo hilo. Bungua wa maharage hutaga mayai yake katikati ya punje bila kuyagandisha. Kifunza kinachoanguliwa ni kidogo mno, na ili kitoboe ngozi ngumu ya harage ni lazima kijikaze kati ya punje mbili na kutafuna kwa saa nyingi mahali pamoja. Debe likibingirishwa, punje zinaachana, kifunza kinapoteza tundu lake na kuanza upya, mpaka kinachoka na kufa. Siku hizi natumia mifuko ya PICS, ambayo ikifungwa vizuri wadudu waliomo hutumia oksijeni yote na kufa, na naipendekeza kwa yeyote mwenye gunia zima. Ila mwenye debe moja na mtoto mwenye nguvu hana sababu ya kununua dawa ya kunyunyizia chakula.

Kisha kuna chungu. Baba mdogo alikuwa na tabia ya kufika saa ya njaa, akainua mfuniko na kusema yameshalainika, apakuliwe. "Shemeji, subiri," mama alimjibu kila mara, na hakuna aliyepakuliwa. Maharage yalilowekwa usiku, maji yale yakamwagwa, yakawekwa maji mapya na moto mkubwa wa kuni. Yalichemka kwa nguvu mfuniko ukiruka, muda mrefu, ndipo akapunguza kuni na kuyaacha yaive polepole pembeni. Hakuanza kamwe na moto mdogo.

Maharage mekundu ya figo yana kiasi kikubwa cha lektini, sumu ya asili inayoshambulia utumbo. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima na kumharisha saa chache baadaye. Miaka ya 1970 nchini Uingereza walipatikana watu walioumwa hivyo baada ya kula maharage mekundu yaliyolowekwa tu bila kuchemshwa. Sumu hiyo huvunjwa na maji yanayochemka kwelikweli kwa angalau dakika kumi, na tahadhari nzuri ni nusu saa. Moto hafifu usiofikisha mchemko hauiondoi. Kwa joto la nyuzi 80 hivi inaweza hata kuongezeka nguvu, na harage likawa laini mdomoni huku likiwa bado hatari. Nasisitiza hili kwa sababu vikapu vya kuhifadhi joto na majiko ya umeme ya kupika polepole vinaenea, navyo ni vyombo vizuri vinavyookoa kuni na fedha. Anayevitumia ayachemshe maharage kwanza kwa nguvu juu ya moto, ndipo ayahamishie humo.

Kwa kiburu, yaani maharage na ndizi katika chungu kimoja, watu wengi huweka magadi ili maharage yalainike. Mama aliweka kidogo au hakuweka. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1, na harage jipya lililohifadhiwa pakavu halina haja nayo. Yanayogoma kuiva ni yale yaliyokaa miezi mingi kwenye joto na unyevu, yakawa magumu ndani kiasi kwamba hata siku nzima ya kuni haitoshi. Nikinunua maharage sokoni naulizia yamevunwa lini kabla sijaulizia bei.

Mtu asidhani kwamba mama alikataa mambo mapya. Kituo cha utafiti cha Lyamungu hakiko mbali na kwetu, na mbegu za Lyamungu 85 na Lyamungu 90, zile za mabaka mekundu, zilipoanza kusambaa aliomba kiganja kimoja kwa rafiki yake. Alizipanda mstari mmoja pembeni, msimu mzima, bila kuzichanganya na zake, akazitazama, akazipika peke yake. Baadaye alizipa nafasi kwenye shamba la chini, zikamfaa sana, na zile za nyuma ya jiko zikabaki zilivyokuwa. Mimi nafanya hivyo na Selian 97 na Jesca kutoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha. Tena nimeona kwamba mbegu ya nyumbani, hata ikichaguliwa vizuri namna gani, hukusanya magonjwa kidogo kidogo, na inafaa mara kwa mara kuingiza mbegu safi iliyothibitishwa. Kwa hiyo vuli hii nina mistari ya aina mbili sambamba, ya mama na ya dukani, udongo mmoja, maji yale yale, na vitambaa vitafungwa popote vitakapostahili.

Mpwa wangu amejenga Kibosho na anaanzisha bustani. Alikuja wiki iliyopita kuomba sado moja ya mbegu ya bibi yake. Nilimuuliza atapanda eneo gani, akanionyesha kwa hatua hapo uwanjani, tukapiga hesabu pamoja, ikaonekana robo ya sado inamtosha na kubaki. Nikampimia hiyo robo kutoka kwenye debe la majivu. Iliyobaki alikuwa anataka kuipika, kwa hiyo nimemwelekeza akanunue sokoni Tengeru.